Ramani ya Matunda Yaliyotobolewa: Mjadala wa Nyanda za Juu Kusini

Hoja iliyo mezani ni hii: mkulima wa parachichi wa kilimo hai, mwenye ekari moja au mbili Rungwe, Kilolo au Mufindi, ana sababu gani ya kuchora ramani inayoonyesha ni mti upi umeshambuliwa na wadudu, kwa kiasi gani na lini? Wenye mashamba makubwa hawajiulizi hivyo, maana wana watu wa kuwafanyia. Swali ni la mwenye miti themanini, ng'ombe wawili na watoto wa kupeleka shule.

Hoja nimezigawa kwa watu wanne, nikawaketisha chini ya turubai la Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, mahali ambapo mtu wa Tukuyu na mtu wa Mafinga hukutana kila Agosti bila kualikana. Watu wenyewe nimewatunga, hoja zao sikuzitunga. Mkulima ni mama wa Rungwe mwenye miti ya parachichi aina ya Hass kati ya migomba na chai. Bwana shamba ametoka Iringa. Mtafiti ni binti aliyesomea wadudu Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Mnunuzi amechelewa, na akifika nitamruhusu aongee kidogo tu.

MTAFITI: Shikamoo mama.

MKULIMA: Marahaba mwanangu. Naona umekuja na makopo yako tena.

MTAFITI: Ni mitego, mama. Nikiitundika shambani kwa mpangilio, nikahesabu inzi wa matunda kila wiki na kuandika mahali kwa GPS ya simu, kompyuta itanichorea ramani. Penye inzi wengi patakuwa pekundu, penye wachache kijani. Utajua pa kuanzia.

MKULIMA: Nitajua makopo yaliyojaa yako wapi.

BWANA SHAMBA: Mama amekata maneno, ngoja mimi niyaongeze. Chambo tunachotumia sana ni methili-eujenoli. Harufu yake huita madume tu, tena huwaita kutoka mbali. Dume hatoboi tunda. Anayetoboa ni jike, anayechoma ganda na kuacha mayai chini yake. Sasa ukinipa ramani ya mitego, umenipa ramani ya madume waliosikia harufu wakaja. Matunda yaliyoharibika yanaweza kuwa upande mwingine kabisa wa kilima.

MTAFITI: Kaka, bila mitego tusingemjua hata mgeni mwenyewe. Inzi huyu wa Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Mwaka 2005 alipewa jina la Bactrocera invadens, kisha mwaka 2015 wataalamu wakakubaliana kwamba ni yuleyule Bactrocera dorsalis anayejulikana Asia siku zote. Mitego ndiyo iliyotuambia amefika wapi.

BWANA SHAMBA: Ilikuambia amefika. Sasa tunauliza anafanya nini. Tena huku kwetu kuna jambo jingine, na wewe umetoka Morogoro unalijua kuliko mimi.

Analijua. Maulid Mwatawala wa Sokoine na wenzake wa Makumbusho ya Afrika ya Kati ya Tervuren, Ubelgiji, walitega inzi kwenye miteremko ya Uluguru kuanzia chini hadi juu, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2012. Yule mgeni alitawala sehemu za chini zenye joto, na kadiri walivyopanda akapungua. Juu kwenye baridi walimkuta zaidi inzi wa kienyeji, aliyekuwa akiitwa Ceratitis rosa. Mwaka 2016 wale wa kienyeji wakagawanywa kuwa aina mbili, na yule anayevumilia baridi zaidi akapewa jina la Ceratitis quilicii.

Inzi huyo wa milimani hafuati methili-eujenoli. Tundika makopo ya chambo hicho Mufindi kwenye baridi, ramani yako itatoka kijani tupu huku mapichesi na mapera yakidondoka yamejaa funza. Kwa hoja hii peke yake nampa ushindi wa raundi ya kwanza bwana shamba, ingawa binti hajaishiwa.

MTAFITI: Basi tutachanganya chambo, wala hilo halitushindi. Lakini msiidharau ramani ya mitego. Unguja walimmaliza mbung'o kwa njia hiyo. Walitega kisiwa kizima, wakajua amejificha wapi, wakamwaga kwa ndege madume waliofanywa tasa. Mbung'o wa mwisho alionekana mwaka 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena.

MKULIMA: Mwanangu, Unguja imezungukwa na bahari. Mimi nimezungukwa na jirani mwenye mipera, jirani mwenye maembe ya kienyeji, na barabara ya Kyela.

Barabara ya Kyela si mzaha. Kyela iko kandokando ya Ziwa Nyasa, kwenye mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, joto na maembe. Tukuyu iko juu yake kwa takribani mita elfu moja zaidi, kwenye mawingu na mvua. Embe za Kyela zikiiva mwishoni mwa mwaka hupanda mlima kwa matenga ndani ya Coaster, na zilizooza hutupwa stendi. Iringa nayo ina mlango wa aina hiyo. Ruaha Mbuyuni kuna joto la bondeni, kisha barabara inapanda Kitonga kwenda Ilula, na kila gari la matunda linalopanda lina uwezo wa kubeba abiria asiyelipa nauli. Funza akiwa ndani ya embe haoni baridi ya njiani.

Akifika juu, baridi humchelewesha bila kumuua mara moja. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walimlea inzi wa Asia maabara kwa viwango tofauti vya joto. Kwenye nyuzijoto 30 alitoka yai hadi inzi kamili kwa chini ya siku 20. Kwenye nyuzijoto 15 alihitaji zaidi ya siku 70. Kwa hiyo Kyela na Mufindi haziwezi kutumia kalenda moja, na ramani isiyo na tarehe ni picha ya ukutani tu.

BWANA SHAMBA: Kwa hiyo tuache makopo, tuhesabu matunda. Kila mti upewe namba. Kwenye mti angalia matunda 20, matano kila upande, uandike mangapi yametobolewa. Chini ya mti hesabu yaliyoanguka. Kaunta buku na kalamu ya risasi vinatosha.

MKULIMA: Tuseme nakubali. Tunda lililotobolewa na mdudu nitalijuaje? Maana alama ni nyingi. Kuna tunda lililokwaruzwa na tawi wakati wa upepo, mkwaruzo wake unakwenda mrefu. Kuna lililopigwa na mvua ya mawe, lina mabonde upande mmoja tu, na miti yote ya jirani iko hivyohivyo. Kuna lililoungua jua. Kuna la ukungu, madoa meusi yanayopasuka katikati. Kuna la vithiripi, ganda limekuwa la kahawia na magamba. Kijana wako wa kuhesabu akija hapa atayaweka yote kapu moja na kuandika "limetobolewa".

MTAFITI: Na tundu dogo lenye unga mweupe pembeni?

MKULIMA: Hilo ndilo nalitafuta mimi. Unga ukiwa bado unanata, ni la juzi.

MTAFITI: Huo unga ni sukari ya parachichi lenyewe, inaitwa perseitoli. Ganda likitobolewa, utomvu unatoka na kukauka mweupe. Unga unakuambia kuna kidonda, haukuambii nani amekifanya. Anaweza kuwa inzi. Anaweza kuwa nondo, Thaumatotibia leucotreta, ambaye ni wa Afrika hii hii na hashambulii parachichi tu, bali michungwa, pilipili hata pamba. Lazima ukate tunda. Ukikuta kiwavi wa rangi ya waridi mwenye kichwa cha kahawia, ni nondo. Ukikuta funza weupe wasio na kichwa cha kuonekana, ni inzi.

BWANA SHAMBA: Na usipokuta kitu?

MTAFITI: Unaandika "kidonda, hakuna kitu ndani". Hilo nalo ni jibu. Hass likiwa gumu mtini, mdudu analichoma na mara nyingi mayai hayafiki popote. Parachichi haliivi likiwa mtini, huiva baada ya kuchumwa au kuanguka. Inzi anapata karamu yake chini ya mti.

Nilisimama kwenye jibu hilo kwa muda, kwa sababu linabadilisha kitu kinachochorwa. Wengi wanaposema ramani ya madhara hufikiria matunda yanayoning'inia. Kwa parachichi, ramani yenye faida kubwa ni ya ardhini: matunda yameanguka wapi, yamelala siku ngapi, na nani anayeyaokota. Tunda lililoanguka likaachwa huwapa funza nafasi ya kutoka, kuingia kwenye udongo na kurudi wakiwa inzi. Lililookotwa mapema na kuzikwa futi moja na nusu hadi mbili kwenda chini linamaliza habari hiyo.

MKULIMA: Sasa niulize la kazi. Ekari yangu ina miti kama 80, kwa nafasi ya mita 7 kwa 7. Matunda 20 kwa mti ni 1,600. Nani anahesabu? Mume wangu hatahesabu. Ni mimi, na binti yangu akitoka shule.

BWANA SHAMBA: Huhesabu yote, mama. Unachukua mti mmoja katika kila minne. Unahesabu miti ya pembeni zaidi kuliko ya katikati, kwa sababu wadudu huingia kutokea pembeni.

MTAFITI: Hapo nitakupinga, kaka. Hilo la pembeni na katikati tumelitoa vitabuni, na vitabu viliandikwa kwa mashamba makubwa. Chukua shamba la mraba la hekta 10, lenye safu 45 kwa 45. Lina miti 2,025, na ya pembeni kabisa ni 176 tu, haifiki moja ya kumi. Katikati yake ipo kweli. Sasa chukua ekari ya mama, safu tisa kwa tisa. Ni miti 81, na ya pembeni ni 32. Zaidi ya theluthi ya shamba ni pembeni! Ukiongeza safu ya pili kutoka nje, umebakiwa na miti 25. Mama hana katikati ya kulinganisha na pembeni.

MKULIMA: Niliwaambia nimezungukwa.

MTAFITI: Ndiyo, mama, na hesabu inakuunga mkono. Ramani ya shamba lako peke yake haina maana kubwa. Itaonyesha miti ya upande wa jirani ina vidonda zaidi, jambo unalolijua tayari. Ramani ichorwe ya kitongoji. Mipera yote, maembe ya kienyeji, mapichesi, maparachichi ya mbegu za zamani yenye ganda laini, jalala la stendi, halafu ndipo mashamba ya Hass yawekwe katikati ya hayo.

Kwa wasomaji wa Pwani, niseme kwamba mpera huku mara nyingi haupandwi na mtu. Huota penye kinyesi cha ndege na kubaki kwa sababu watoto wanaupenda. Kumwambia mtu aukate ni kuanzisha ugomvi usiokwisha. Kumwambia aokote mapera yaliyoanguka ni jambo la kuzungumzika, hasa kama jirani atakuja kusaidia.

BWANA SHAMBA: Wakulima wanaweza. Kilosa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijiji vilipewa mitego ya nondo wa viwavijeshi na vipimo vya mvua, wanakijiji wenyewe wakawa wanatabiri mlipuko na kutangaziana. Hawakungoja gari la wizara.

MKULIMA: Kiwavijeshi anakula mahindi ya kila mtu, kwa hiyo kila mtu alikuwa na hamu. Mwenye mpera hana Hass. Atahangaika kwa faida ya nani?

Swali hilo halikujibiwa chini ya turubai, na sidhani lina jibu la kitaalamu. Hawaii walipoanza mpango wao wa kupambana na inzi wa matunda kwa eneo zima, miaka ya mwanzo ya 2000, ilibidi wawashawishi hata wenye miti miwili uani. Kimojawapo cha vifaa vyao ni hema la wavu ambalo matunda mabovu hutiwa ndani: inzi wakianguliwa hawapenyi, lakini nyigu wadogo wanaowaua inzi hupenya na kurudi shambani. icipe ilikileta kifaa hicho Afrika Mashariki. Hema moja kati ya nyumba tano ni rahisi kuliko shimo kwa kila nyumba, na mwenye mpera anaweza kuliona kuwa la kwake pia, maana mapera yake msimu unaofuata hayatakuwa na funza.

Kuna wanaouliza kwa nini mkulima wa kilimo hai ndiye abebeshwe kazi hii, wakati tayari ana masharti mengi kuliko wenzake. Jibu langu ni kwamba yeye ndiye anayeihitaji. Anayepuliza sumu ya kiwandani hupuliza shamba zima, hana haja ya kujua mti upi. Mkulima wa kilimo hai ana nyenzo chache na zote hufanya kazi palipolengwa tu. Kuokota na kuzika ni kazi ya mkono. Chambo cha protini chenye spinosadi, sumu inayotokana na bakteria wa udongo na ambayo viwango vingi vya kilimo hai huiruhusu kwa masharti, hurushiwa kipande kidogo cha majani. Ukungu wa Metarhizium hutiwa kwenye udongo chini ya mti ambako funza watajichimbia. Asiyejua wapi atamaliza chambo chake kwenye miti isiyo na shida.

Sasa mnunuzi amefika, na gari lake limeziba njia ya wauza maziwa.

MNUNUZI: Hizo ramani mnazozungumzia, mimi nazitaka. Funza mmoja akionekana bandarini, mzigo mzima unakataliwa. Nikijua mapema kitongoji kipi kina shida, napanga magari yangu vizuri.

MKULIMA: Unapanga magari au unapanga bei?

MNUNUZI: Mama, mimi sikuadhibu.

MKULIMA: Msimu uliopita ulirudisha rijekti bila kuniambia sababu. Sasa nikuchoree mwenyewe mahali pa kukataa?

BWANA SHAMBA: Lakini mama, vikundi vya kilimo hai tayari vina michoro. Ukaguzi wa ndani wa kikundi unadai mchoro wa kila shamba, mipaka, mazao, na jirani anayepuliza sumu yuko upande gani. Tangu kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki kilipopitishwa mwaka 2007, na alama ya Kilimohai ikaja, michoro hiyo ipo kwenye mafaili. Tunaongeza mstari mmoja tu wa vidonda.

MKULIMA: Faili liko wapi?

BWANA SHAMBA: Kwa anayelipia cheti.

MKULIMA: Ambaye ni nani?

Bwana shamba hakujibu, na mnunuzi akaangalia simu. Vikundi vingi vya wakulima wadogo hupata cheti kwa gharama ya kampuni inayonunua, na cheti kikilipiwa na kampuni, mafaili hukaa kwa kampuni. Siiti hiyo dhuluma, kwa sababu bila kampuni wengi wasingekuwa na cheti. Lakini mchoro wa mipaka na hesabu ya vidonda si vitu vya aina moja. Mchoro wa mipaka haumpunguzii mtu bei. Hesabu ya vidonda inaweza kumpunguzia, tena kabla hajavuna. Na mkulima akishahisi hivyo, atahesabu matunda 20 na kuandika kidonda kimoja. Ramani itapendeza na itakuwa ya uongo.

MTAFITI: Mimi pia nina hatia hapo. Sisi huchukua hesabu, tukaondoka nayo, ikatoka kwenye jarida lisilofika Tukuyu.

MKULIMA: Hilo nilikuwa nakungojea useme mwenyewe, mwanangu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki juu ya taarifa zinazomtambulisha, na jina la mkulima likiwekwa juu ya alama ya GPS linamtambulisha bila shaka. Sijaona kikundi cha parachichi kinachoitaja sheria hiyo kwenye mkataba wake na mnunuzi, ila hakuna kinachokizuia kuitaja. Hata bila mahakama, sentensi moja ya mkataba inaweza kusema kwamba mnunuzi atapewa hali ya kitongoji bila namba za miti wala majina, na kwamba akikataa mzigo ataandika sababu.

Hukumu yangu, basi. Ramani ichorwe, lakini isianzie kwenye mitego, maana mitego inajibu swali la mtafiti kabla ya la mkulima. Ianzie kwenye matunda, hasa yaliyolala chini, na kila tunda lenye tundu likatwe kabla halijaandikwa. Eneo lake liwe kitongoji. Irudiwe kwa misimu, kwa tarehe, kwa sababu Kyela, Tukuyu na Mafinga zina joto tofauti. Nakala ya kwanza ikae kwa kikundi, na katibu aandike kwenye muhtasari nani amepewa nakala nyingine na kwa nini. Mtafiti akitaka hesabu, arudi kuisoma mbele ya waliohesabu, kwa Kiswahili.

Maafisa ugani wa Rungwe, Kilolo na Mufindi wana uwezo wa kuanzisha hili bila bajeti mpya. Kikundi chenye kaunta buku na watu wawili walio tayari kuamka mapema kiandike kwanza kila mpera wa kitongoji na jina la anayekubali kuokota chini yake, kabla ya mti wowote wa Hass kupewa namba.